Swali la Saba

Mashine ya kukaushia imekufa tangu Jumapili,
nami, kichwa ngumu, nimeanika nje.
Januari, Brandon, Manitoba,
digrii ishirini na sita chini ya sifuri:
suruali mbili za kazi, shati la shule la Nsimire,
na kitenge cha mamake.
Baada ya nusu saa suruali zimesimama zenyewe,
magoti yamekazana kama ya askari wa gwaride.
Bibi Kowalchuk wa ghorofa ya juu anachungulia,
anapiga ishara ya msalaba.

"Ziache, baba. Zitakauka hivyohivyo,
bila kudondosha hata tone."
Nacheka. Tangu lini jiwe likakauka?

Kesho ana mtihani wa Bwana Friesen,
basi leo mwanafunzi ni mimi.
Anamwaga maharage kwenye sinia,
anayapanga safu kwa safu, bega kwa bega.
"Hii yabisi. Chembe zimeshikana,
kila moja na mahali pake.
Ndiyo maana meza ni meza hata ukiipindua."
Anainamisha sinia: maharage yanateleza,
yanapitana, bado yanagusana, yanajazana pembeni.
"Kimiminika. Ujazo ni wake, umbo ni la chombo."
Kisha, kabla sijamdaka mkono, anayarusha juu.
Maharage chini ya friji, maharage ndani ya kiatu changu,
moja limetumbukia katika chai.
"Gesi," anasema, hana hata haya.

"Na katikati ya chembe na chembe kuna nini? Hewa?"
"Hewa yenyewe ni chembe, baba. Hakuna kitu."
"Kitu gani hakuna?"
"Hakuna. Utupu."

Kutoka hapa hadi Kampala, alipo mamake
akingoja karatasi, nilidhani kuna mengi katikati.

"Swali la saba," anasoma.
"Chembe za yabisi hazisogei kamwe. Kweli au si kweli?"
Hilo usiniulize mara mbili, mwanangu.
Barafu ndiyo inayotulisha.
Kila usiku saa tano, watoto wa magongo wakishaondoka,
napanda lile dude la magurudumu manne,
nakwangua makovu ya viatu vya chuma,
namwaga maji ya moto nyuma yangu,
mvuke unanifuata mzunguko mzima kama deni,
halafu kioo. Kimya. Miaka minne.
Barafu ni maji yaliyokata tamaa.
"Kweli," nasema.

"Si kweli."
Hata hakuinua kichwa.
"Zinatetemeka papo hapo zilipo.
Ukizipasha joto zinatetemeka zaidi,
mpaka mshiko unalegea. Ndiko kuyeyuka huko.
Umekosa alama mbili."

Siku ya pili nikatoka na kapu, nimejiandaa kumcheka.
Suruali zimelegea. Shati jepesi.
Kitenge kikavu kabisa, na chini ya kamba
theluji haina hata tundu la tone.
"Maji yameenda wapi?"
Yameruka, anasema, toka barafu hadi hewani,
hayakupitia umaji.
Jambo hilo lina jina refu; alilitamka mara tatu,
kila mara likatoka tofauti.

Nikakaanga vitunguu. Dakika tano hazikupita,
Bibi Kowalchuk akabisha na sahani tupu mkononi.
Nsimire akanikonyeza: "Msambao."

Usiku ule, taa za uwanja nimezima zote isipokuwa moja,
nilishuka kwenye dude, nikapiga goti,
nikavua glavu, nikaweka kiganja juu ya barafu
nisikie huko kutetemeka.
Sikusikia kitu. Baridi tu, ikipanda hadi kiwiko.
Lakini nilipoinua mkono
paliachwa vidole vitano vya maji,
vimekaa kidogo,
vikaanza kuganda kutoka pembeni.